Makindu: stesheni iliyozaliwa na kiu

Watu wa Ukambani walipata habari za reli kabla ya kuiona. Masimulizi ya Wakamba yanasema kwamba Syokimau, nabii wao wa kike, aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka maji makuu ya mashariki hadi ya magharibi, huku akitema moto na moshi. Yaliyobaki kujulikana ni kwamba nyoka huyo angekuwa na kiu isiyokatika.

Kiu hiyo ndiyo iliyochagua mahali pa kujenga stesheni. Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896. Injini za mvuke zilitaka maji kila mara, lakini nyika ya Taru ilikuwa kavu hata maji ya wafanyakazi yakawa yanaletwa kwa treni. Mwaka 1898 reli ilifika mto Tsavo, ambako simba wawili waliwatafuna makuli usiku baada ya usiku. Mbele ya Tsavo, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni, mambo yalikuwa nafuu. Mvua ya vilima vya Chyulu hunywewa na miamba ya volkano, ikapita chini kwa chini, kisha ikabubujika bondeni. Chemchemi hizo ndizo zinazolisha mito ya Kibwezi, Makindu na Kiboko.

Jina lenyewe linatoboa siri. Makindu ni mikindu, mitende ya porini inayopenda kuota penye maji, na ambayo ukindu wake husukwa mikeka. Hapo pakawa kituo kikubwa cha kuhudumia reli. Injini ilijaza maji, nao abiria waliolala safarini kutoka Mombasa wakashuka kupata kifungua kinywa.

Miongoni mwa mafundi wa reli walikuwamo Masikhi kutoka Punjab, ambao mtaani tunawaita Makalasinga. Mwanzoni walikusanyika kusali chini ya mti. Mwaka 1926 wakajenga gurudwara yao, yaani hekalu la Masikhi.

Kisha injini za dizeli zikaingia, na nyoka akaacha kunywa. Mwaka 2017 treni ya abiria ya reli ya zamani ilifanya safari zake za mwisho kati ya Nairobi na Mombasa. Mwezi Mei mwaka huohuo ikazinduliwa reli mpya, SGR. Katika Makueni abiria wake hupandia Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Makindu, iliyowahi kuisimamisha kila treni, haimo.

Hata hivyo wasafiri hawajaacha kutua hapo. Dereva wa lori na familia inayokwenda pwani hukata kona kutoka Barabara ya Mombasa na kuingia gurudwara. Huvua viatu, hufunika vichwa, huketi, na kuandaliwa chapati, dengu na chai ya maziwa. Hakuna anayeulizwa dini yake, wala anayedaiwa hata shilingi.