Kwa nini kasuku huguguna viti, nyaya na hata manyoya yake

MFUGAJI yeyote wa kasuku anaijua sauti ile. Ni mkwaruzo mdogo unaoendelea mchana kutwa, kisha chembe za mbao zinaonekana sakafuni chini ya kiti, fremu ya dirisha au mlango wa kabati. Kuna nyumba zilizopoteza rimoti za televisheni, viatu na vitabu vya shule vya watoto kwa sababu ya ndege mmoja. Nyingine hupambazukiwa na kumkuta kasuku mwenyewe ameanza kujitafuna manyoya ya kifua. Mambo haya mawili hufanana kwa mtazamo wa kwanza, lakini chanzo chake ni tofauti na tiba yake ni tofauti, na anayeyachanganya huweza kumpoteza ndege wake.

Mkazi wa Matiliku, katika Kaunti ya Makueni, hana haja ya kwenda mbali ili aelewe lile la kwanza. Katika nyika za mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwemo, huishi kasuku wa porini ambaye wanasayansi humwita Poicephalus rufiventris. Dume ana tumbo la rangi ya chungwa iliyokolea. La jike ni la kijani. Ndege huyu hupenda mibuyu na migunga, na hutaga mayai katika mashimo ya miti au ndani ya vichuguu vya mchwa. Siku yake yote huipitisha akipasua maganda, akibambua magome na kupanua mashimo. Kwake yeye, kuguguna ndiko kutafuta riziki, ndiko kujenga nyumba, na ndiko pia kuunoa mdomo.

Mdomo wenyewe ni mfupa uliofunikwa kwa gamba la asili moja na kucha za binadamu, nalo huendelea kukua maisha yote ya ndege. Taya lake la juu limeungana na fuvu kwa kiungo kinachocheza, jambo linalompa nguvu na wepesi ambao ndege wengi hawana. Chombo cha namna hiyo hakiwezi kukaa bure. Kasuku aliyefungiwa pamoja na bakuli la mbegu humaliza mlo wake kwa dakika chache, kisha hubaki na saa nyingi zisizo na shughuli. Kiti cha sebuleni ndicho kinachomfaa wakati huo.

Majira nayo yana sehemu yake. Jike anayetaka kutaga huongeza bidii ya kuchimba pembe zenye giza, kama vile nyuma ya kochi au ndani ya droo. Kasuku wadogo wa Fischer, ambao asili yao ni kaskazini mwa Tanzania na ambao siku hizi huonekana kwa makundi kando ya Ziwa Naivasha, huchana magome na karatasi kuwa vipande virefu na kuvibeba mdomoni hadi kwenye kiota. Mwenye ndege wa aina hiyo akikuta gazeti lake limechanwa, asidhani ndege ameshikwa na wazimu. Aondoe vijisanduku na pembe zote zinazofanana na kiota, na hamu hiyo hupungua.

Dawa ambazo watu wengi hukimbilia hazifai. Ya kwanza ni kupaka pilipili kwenye mbao. Ndege hawausikii ukali wa pilipili kama wanavyousikia mamalia, na porini wao ndio husambaza mbegu zake. Kasuku aliyepakiwa pilipili kwenye kiti huenda akaona ameongezewa kitoweo. Ya pili ni kumkaripia. Kasuku ni ndege wa kundi na hupenda kelele. Mtu anayeruka kutoka kitini akipaza sauti kila kiti kinapoguswa humfunza ndege kwamba hiyo ndiyo njia ya kumwita. Kumpiga mdomoni humwondolea imani kwa watu, na imani hiyo huchukua miezi kurudi. Kuukata mdomo ni ukatili mtupu, kwa kuwa ndani yake mna mishipa ya damu na ya fahamu.

Kinachofaa ni kumpa kitu kingine cha kuharibu, tena kingi. Hapa wakazi wa Matiliku wana bahati kuliko wafugaji wa mijini wanaonunua vifaa vya ndege kwa bei ghali. Makueni ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza nchini kwa kilimo cha maembe, na machungwa pia hustawi huko. Matawi ya mwembe, mchungwa na mpera yanayopunguzwa shambani ni mbao salama kwa kasuku, mradi hayajanyunyiziwa dawa ya wadudu. Sharti hilo lisichukuliwe kwa mzaha, kwani miembe mingi hupigwa dawa wakati wa msimu. Ni vyema kuchagua mti ambao haujapigwa dawa kamwe, kuyaosha matawi hayo na kuyaanika juani kabla ya kuyaning'iniza. Yabaki na magome yake, maana gome ndilo analolitaka.

Gunzi la mahindi, kumbi la nazi na ganda la ubuyu hufaa vilevile. Kiondo kikuukuu cha mkonge kisichotiwa rangi humpa kazi ya siku kadhaa, ingawa nyuzi ndefu zikatwe ziwe fupi, kwa sababu huweza kujizungusha kwenye vidole au kuziba njia ya chakula zikimezwa.

Hatua inayofuata ni kukificha chakula. Badala ya kujaza bakuli, mfugaji afunge karanga chache zisizo na chumvi ndani ya karatasi, apachike vipande vya karoti katikati ya matawi, au asindilie mbegu kwenye matundu ya gunzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha mwaka wa 2003 matokeo ya majaribio kwa kasuku wachanga wa Amazon: wale waliolazimika kukitafuta chakula chao na waliokuwa na vitu vya kuchezea walijinyonyoa manyoya kidogo kuliko wenzao waliokaa katika vizimba vitupu. Hata waliokuwa wameanza tabia hiyo walipata nafuu.

Hatari za nyumbani

Mpaka ndege atakapoizoea kazi mpya, nyumba ndiyo inayopaswa kubadilika. Nyaya za umeme na za chaja zifichwe, kwani kuumwa mara moja kwatosha kuua. Waya mpya wenye zinki, wa aina inayotumiwa kuzungushia mabanda ya kuku, ni sumu ya polepole kwa ndege anayeulamba na kuuguguna kila siku. Ikiwa hakuna mwingine, usuguliwe kwa siki na brashi kisha usuuzwe vizuri. Rangi za zamani, risasi ya kulehemu na vipande vya betri ya gari vina madini ya risasi. Kasuku aliyekula madini haya hulegea, hutapika, hutoa kinyesi cha kijani kibichi au chenye damu, na mwishowe hutetemeka. Dalili hizo hazisubiri kesho.

Mimea nayo ichunguzwe. Ovakado, kuanzia tunda hadi majani, humuua kasuku. Mbegu za mbarika ni sumu kali. Mnyaa, ule mti wa utomvu mweupe unaopandwa kuwa ua kote Ukambani, usikaribishwe kizimbani hata kwa kijiti kimoja.

Anapojigeukia mwenyewe

Kasuku anayetafuna manyoya yake ni kesi nyingine. Jambo la kwanza ni kumtazama kichwa. Ndege hawezi kukifikia kichwa chake kwa mdomo, kwa hiyo kikiwa kimefunikwa vizuri huku kifua na mapaja yakiwa wazi, basi anajinyonyoa mwenyewe. Kichwa nacho kikiwa na upara, huenda mwenzake kizimbani anamnyonyoa, au ana maradhi, yakiwemo yale ya virusi yanayoharibu mdomo na manyoya, ambayo hayana tiba na huambukiza kasuku wengine.

Anayejinyonyoa huenda ana wadudu, ini lililochoka, upweke au ngozi inayowasha. Mlo wa mbegu za alizeti pekee humkosesha vitamini A na madini ya kalsiamu. Mboga za majani, karoti na boga hujaza pengo hilo. Kasuku wa kijivu hupatwa na upungufu wa kalsiamu upesi kuliko wengine na anahitaji jua la asubuhi lisilopitia kioo. Tena yeye ni ndege wa misitu ya mvua, na kiangazi cha Matiliku cha kuanzia Juni hadi Oktoba humkausha ngozi. Anyunyiziwe maji ya vuguvugu mara kadhaa kwa wiki. Maji ni ghali wakati huo, lakini kikombe kimoja kinatosha.

Daktari wa mifugo amwone kabla ya yote hayo kuchukuliwa kuwa ni tabia tu. Wengi wa madaktari wa mashinani wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, na huenda safari ikalazimu kufika Nairobi, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha matibabu ya mifugo, Kabete. Hapo ndipo sheria inapoingia. Kasuku wa kijivu, ambaye nchini Kenya porini alijulikana katika msitu wa Kakamega, amepigwa marufuku katika biashara ya kimataifa ya ndege wa porini kufuatia uamuzi uliofikiwa Johannesburg mwaka wa 2016. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 humtaka anayemfuga awe na kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Mwishoni mwa mwaka wa 2022 shirika hilo lilitoa siku 90 kwa wasio na vibali kujisajili bila kushtakiwa. Muda huo uliisha mwaka wa 2023. Asiye na kibali huogopa kumpeleka ndege kwa daktari, na ndege hulipia woga huo kwa manyoya yake. Kwa sababu hiyo, suala la kibali lafaa kutatuliwa na KWS kabla ya ugonjwa, wala si baada yake.

Chanzo kikishaondolewa, manyoya yaliyovunjwa hubaki yalivyo hadi ndege anapoyapukutisha kwa kawaida na kuota mapya, jambo linaloweza kuchukua mwaka mzima. Yaliyong'olewa mara nyingi kwenye tundu lile lile huenda yasiote tena.