Fremu Iliyochongwa na Miguu: Historia ya BMX ya Flatilandi

Chukua futi kamba uipime fremu ya BMX ya flatilandi. Bomba la juu lina inchi 19 hivi, pungufu ya inchi moja na nusu au zaidi ukilinganisha na BMX ya mitaani. Mabomba ya nyuma yanayoshika gurudumu ni mafupi kiasi kwamba tairi linakaribia kugusa bomba la kiti. Uma wa mbele umesimama wima, na miguu yake haijachomoza mbele kama ya baiskeli nyingine. Mtu mzima akiikalia na kupiga pedali, magoti yanaukaribia usukani. Kwa safari ya kwenda kazini baiskeli hii haifai hata kidogo. Ipeleke kwenye sakafu tambarare, mikononi mwa anayeijua, na kila kipimo kilichoonekana kosa kitakueleza sababu yake.

Flatilandi ni tawi la BMX lisilotumia ngazi, vyuma vya kuteleza wala miruko mirefu. Mwendeshaji anasimama juu ya pegi, vile vipande vya bomba vinavyofungwa kwenye ncha za ekseli, akazunguka na baiskeli yake kwa gurudumu moja, akapita juu ya fremu, akageuza usukani nyuma mbele, na mguu haugusi chini. Fremu inayowezesha hayo ilichukua miongo kadhaa kupatikana. Waliobadilisha umbo lake, hatua kwa hatua, ni waendeshaji wenyewe, na kila badiliko lilitokana na jambo ambalo mguu wa mtu ulishindwa kulifanya.

Asili ya BMX iko kusini mwa California. Mwaka 1963 kampuni ya Schwinn ilitoa Sting-Ray, baiskeli ya watoto yenye magurudumu ya inchi 20 iliyobuniwa na Al Fritz. Watoto waliokuwa wakihusudu mbio za motokrosi walizichukua baiskeli hizo wakaanza kukimbizana kwenye viwanja vya vumbi. Mwaka 1970 mvulana wa miaka 13, Scot Breithaupt, aliandaa mbio za namna hiyo mjini Long Beach, na filamu ya On Any Sunday ya mwaka uliofuata ilianza na watoto wakiwaigiza waendesha pikipiki. Fremu zilizotokana na mbio hizo zilikuwa na kazi moja, kukimbia kwenye udongo bila kuvunjika. Zilihitaji urefu wa kutosha ili zitulie kwenye mwendo, na sehemu ya mbele iliyolala kidogo ili isiyumbe kwenye mashimo.

Bob Haro, kijana mchoraji aliyezaliwa Pasadena mwaka 1958, aliikuta baiskeli hiyo ya mbio na kuipa kazi nyingine. Alianza kwa kutengeneza vibao vya namba vya wakimbiaji, na wakati huohuo alikuwa akibuni manjonjo ya kusimama na kuzunguka. Mwaka 1981 yeye na Bob Morales waliizunguka Marekani wakionyesha walichokiita fristaili. Alikuwa miongoni mwa vijana walioendesha baiskeli za Kuwahara katika filamu ya E.T. iliyotoka mwaka 1982, na mwaka huohuo fremu ya Haro Freestyler ikaingia sokoni, ikitengenezwa kwa niaba yake na kiwanda cha Torker. Ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa fremu ya kwanza ya dukani iliyobuniwa mahsusi kwa fristaili. Morales naye alianzisha chama cha mashindano, AFA, na mwaka 1984 likatoka jarida la Freestylin' lililoyafikisha manjonjo hayo kwa vijana waliokuwa mbali na California.

Wabunifu wa miaka hiyo walijiuliza mwendeshaji ataweka wapi miguu. Jibu lao lilikuwa kuongeza chuma. Fremu zikaota majukwaa ya kukanyagia nyuma ya kiti, vishikio vya miguu kando ya mabomba, na vidato kwenye uma. Kampuni za GT, Haro, Hutch, Skyway na Redline zilishindana kwa rangi kali na kwa wingi wa sehemu za kusimama. Manjonjo ya wakati huo yalilingana na fremu hizo. Kijana alibana breki ya mbele, akaruka-ruka na gurudumu moja mahali palepale, akasimama juu ya fremu na kutulia hapo kama anayepigwa picha.

Tatizo moja la enzi hiyo lilipata ufumbuzi ambao unatumika hadi leo. Usukani ukizungushwa mzunguko mzima, waya wa breki ya nyuma unajisokota kwenye bomba la kichwa, lile linaloshika uma, na kuuzuia usukani. Brian Scura alibuni kifaa cha ringi mbili zinazozunguka moja juu ya nyingine chini ya usukani, waya wa juu ukizunguka na wa chini ukibaki palepale. Kampuni ya Odyssey ilikisambaza kwa jina la Gyro katikati ya miaka ya 1980. Waya wa breki ya mbele ulipitishwa katikati ya uma, ndani ya boliti yenye tundu. Baadaye watengenezaji walianza kutoboa mashimo yenye hesi kwenye bomba la kichwa ili kifaa hicho kifungwe moja kwa moja, na fremu ikawa imekubali rasmi kwamba usukani wake utazunguka bila kikomo.

Kisha fedha zikaondoka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 viwanda vilikuwa vimehamia kwenye baiskeli za milimani, wadhamini wakakata mikataba, na Freestylin' ikafungwa. Lakini badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya flatilandi lilikuwa tayari limeanza York, mji wa Pennsylvania ulio mbali na California ya viwanda na majarida. Kikundi cha vijana kilichojiita Plywood Hoods kilikuwa kikifanya mazoezi kwenye maegesho ya magari, na kati yao alikuwemo Kevin Jones.

Jones na wenzake waliacha kuruka-ruka mahali pamoja. Waliiacha baiskeli itembee. Mwendeshaji alisimama kwenye pegi za mbele, gurudumu la nyuma likiwa hewani, akalisukuma tairi kwa soli ya kiatu ili lisisimame, na kutoka hapo akahamia mkao mwingine kabla mwendo haujakatika. Mark Eaton, mmoja wao, aliyarekodi hayo katika mfululizo wa video za Dorkin' in York ulioanza mwaka 1988, na kanda hizo zikawafikia vijana wa nchi nyingi. Kuanzia hapo alama ya umahiri ikawa ni kuunganisha mikao bila kukatiza.

Fremu za majukwaa hazikuwa na nafasi tena. Jukwaa linalosaidia mguu kusimama ndilo linalouzuia mguu unaotaka kupita. Mtu anayevuka kutoka upande mmoja wa baiskeli hadi mwingine ikiwa inazunguka anahitaji uwazi kati ya kiti na usukani, bomba la juu lililo chini, na mahali pa kukanyaga palipo kwenye mhimili wa gurudumu. Pegi za ekseli zikachukua kazi yote, na chuma cha ziada kikaondolewa.

Viwanda vikubwa havikuwa na haja tena na soko hili dogo, kwa hiyo waendeshaji wakaanza kutengeneza wenyewe. Mapema miaka ya 1990 Mat Hoffman alianzisha Hoffman Bikes mjini Oklahoma City, na Rick Moliterno akaanzisha Standard huko Davenport, Iowa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawa walikuwa wamevilalia vitanda hivyo miaka mingi. Waliijua weldi inayopasuka kwanza, na bomba linalougonga mfupa wa ugoko. Chuma cha kromoli aina ya 4130, chepesi lakini kigumu, kikawa kigezo. Baadaye ubunifu ukaenea nje ya Marekani. Huko Japani, York Uno alianzisha Ares, kampuni iliyojikita kwenye flatilandi, na mjini Karlsruhe, Ujerumani, KHE ikaipa nafasi kubwa.

Kati ya mambo yote waliyoyasahihisha, la ndani zaidi liko mbele, pale uma unapokutana na fremu. Katika baiskeli ya kawaida, mstari wa mhimili wa usukani ukiurefusha hadi chini hugusa sakafu mbele kidogo ya mahali tairi linapogusa. Umbali huo, tuuite mburuto, ndio unaolifanya gurudumu lifuate mwelekeo lenyewe. Baiskeli nzito za mizigo tulizozoea, Phoenix na blakimamba, zina sehemu ya mbele iliyolala sana na urefu wa zaidi ya mita moja kati ya ekseli na ekseli. Ndiyo maana hutulia njiani hata zikibeba magunia. Flatilandi inadai kinyume chake.

Tufanye hesabu. Chukua BMX ya mitaani yenye pembe ya bomba la kichwa ya digrii 74.5, uma uliochomoza milimita 32, na tairi ambalo nusu ya kipenyo chake ni milimita 245. Mburuto wake ni karibu milimita 35. Geuza usukani nyuma mbele, na mburuto unaruka hadi karibu milimita 100, huku ekseli ya mbele ikirudi nyuma zaidi ya sentimita sita. Kwa mwendeshaji aliyesimama juu ya pegi za mbele, hizo ni baiskeli mbili tofauti ndani ya mzunguko mmoja. Sasa simamisha pembe iwe digrii 75.5 na punguza mchomozo uwe milimita 10. Mburuto unaanzia karibu milimita 53 na kufikia 74 tu usukani ukigeuzwa, na ekseli inasogea chini ya sentimita mbili. Uma usiochomoza kabisa hauoni tofauti yoyote. Tarakimu hizi ni za baiskeli iliyokanyaga sakafu kwa magurudumu yote mawili. Ikiinuliwa zinabadilika, lakini kanuni inabaki: uma ukikaribia mhimili wake, mwili unakuta mizani ileile mbele na nyuma.

Badiliko la nyuma lilitoka kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Habu ya kawaida ikirudishwa nyuma huzungusha pedali, na pedali zinazozunguka humwangusha aliyesimama kwenye pegi. Waendeshaji walifungua habu za breki ya miguu na kutoa sehemu za breki, gurudumu likaweza kurudi nyuma huku pedali zimetulia. Viwanda vilifuata kwa kutengeneza habu kamili za namna hiyo, zinazoitwa frikosta. Mikao ya kurudi kinyumenyume ilipozoeleka, mabomba ya nyuma yalifupishwa hadi inchi 13 hivi, ili uzito wa mtu ukae karibu na ekseli ya nyuma na gurudumu la mbele liinuke kwa nguvu kidogo. Wengi wakaacha breki kabisa, na watengenezaji wakaanza kuweka vishikio vya breki vinavyofunguliwa.

Kila faida ina gharama yake, na hapo ndipo mbunifu wa leo anapotoa jasho. Akifupisha bomba la juu kupita kiasi, ncha ya kiatu inagonga tairi au pegi ya mbele, kwa hiyo hutafuta mikono ya pedali iliyo mifupi. Akifupisha nyuma kupita kiasi, baiskeli inapinduka kabla mwendeshaji hajapata mizani. Mfupi wa mita 1.6 na mrefu wa mita 1.85 hawawezi kutumia fremu moja, na anayependa mikao ya gurudumu la mbele hataki vipimo vya anayezungukia la nyuma. Ndiyo maana fremu nyingi za flatilandi zimebuniwa pamoja na mwendeshaji fulani, na kutengenezwa kwa idadi ndogo.

Mashindano yamekuja na kuondoka. X Games iliipokea flatilandi katika miaka ya 1990, Trevor Meyer akawa bingwa wake wa mwaka 1997, kisha baada ya 2003 mchezo ukaondolewa. BMX ya viwanja vya miruko iliingia Olimpiki mjini Tokyo mwaka 2021 na flatilandi ikabaki nje. Shirikisho la baiskeli duniani, UCI, lilianza kutoa taji la dunia la flatilandi mwaka 2019 huko Chengdu, China. Fremu iliendelea kukua katika vipindi vyote hivyo, na ilikua kwa kasi zaidi wakati fedha zilipokuwa zimekwisha.

Hilo ndilo funzo lake kwa yeyote anayetaka kuchomelea fremu ya kwake, awe Osaka au Nairobi. Asianze na mchoro wa kampuni. Aanze na mkao mmoja ambao mwendeshaji wake anashindwa kuukamilisha, aangalie ni bomba gani au pembe gani inayomzuia, kisha abadilishe kipimo hicho kimoja, achomelee, ampe aendeshe tena. Vipimo vyote tunavyoviona leo kwenye fremu hii vilipatikana kwa njia hiyo.