Waliotoka Herrnhut kwa Miguu

Kila ifikapo tarehe 21 Agosti, Wamoravian hukumbuka mwanzo wa misheni yao katika nchi za ng'ambo, mwanzo ambao, ukitazamwa mbele ya makanisa, shule na hospitali zilizotokana nao, ulikuwa wa kifakiri kabisa: mfinyanzi mmoja, Leonhard Dober, na seremala mmoja, David Nitschmann, waliotoka kijijini Herrnhut, katika nchi ya Saxony, kabla ya mapambazuko ya siku hiyo mwaka 1732, wakashika njia ya Copenhagen kwa miguu.

Si haki kudai kwamba wao ndio Waprotestanti wa kwanza kuvuka bahari kwa kazi hiyo, maana Ziegenbalg na Plütschau walifika Tranquebar, Bara Hindi, mwaka 1706, na Hans Egede alikuwako Greenland tangu 1721. Lakini hao walikuwa wanazuoni, wakienda kwa kibali na msaada wa mfalme wa Denmark, ilhali Herrnhut ilikuwa makao ya wakimbizi wa Moravia walioudhiwa kwa ajili ya dini yao, waliopewa hifadhi mwaka 1722 katika ardhi ya kabaila Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, ambao baada ya miaka kumi hawakuzidi watu 600 hivi, wengi wao mafundi na wakulima.

Mwaka 1731 Zinzendorf alikwenda Copenhagen kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Christian VI, na huko akakutana na Anton, mtumishi Mweusi aliyetoka katika utumwa wa kisiwa cha St. Thomas, milki ya Wadenishi katika West Indies, ambaye alimsimulia habari za dada yake Anna na ndugu yake Abraham, waliobaki huko wakitamani kufundishwa habari za Mungu. Anton akafika Herrnhut mwenyewe, akanena mbele ya jamaa, tena akawaonya kwamba watumwa wale hufanya kazi kutwa, na huenda atakayewafundisha akalazimika kuwa mtumwa pamoja nao. Vitabu vingi humtaja mtu huyu kwa mstari mmoja kisha vikamwacha. Kwa rai yangu, pasipo ulimi wake safari ile isingalikuwako.

Dober, kijana wa miaka 25, alikwisha kujitoa, lakini jamaa walimngojesha mwaka mzima, hata ikapigwa kura kama ilivyokuwa desturi yao, nayo ikamruhusu. Masurufu yao yalikuwa haba mno. Copenhagen wakadhihakiwa na wengi, na Kampuni ya Kidenishi ya West Indies ikakataa kuwachukua katika merikebu zake. Lakini baadhi ya watu wa jumba la mfalme wakawasaidia, nao wakapata nafasi katika chombo cha Kiholanzi, wakatia nanga St. Thomas mwezi wa Desemba, wakawasomea Anna na Abraham barua ya ndugu yao.

Husimuliwa mara kwa mara kwamba wawili hao walijiuza utumwani. Hawakujiuza, walikuwa tayari kuwa watumwa iwapo hapana budi, lakini Nitschmann aliwalisha wote wawili kwa useremala, na aliporudi Ulaya mwaka uliofuata, kama walivyoagana, Dober, ambaye ufinyanzi haukumfaa kitu kisiwani, alibaki katika dhiki kuu mpaka alipoitwa nyumbani mwaka 1734. Wala haifai kuficha kwamba miaka michache baadaye misheni yenyewe ilinunua shamba pamoja na watumwa wake, doa ambalo taadhima ya kumbukumbu haiwezi kulifuta.

Hata hivyo njia ilikuwa imefunguliwa. Mwaka 1733 wengine walikwenda Greenland, na mwaka 1737 Georg Schmidt akafika Afrika ya Kusini. Na Zinzendorf alipofariki mwaka 1760, jamaa ile ndogo ilikuwa imekwisha kutuma wamisionari zaidi ya 200. Huku kwetu walifika Rungwe mwaka 1891, kisha wakaingia Unyamwezi, na leo hapana nchi duniani yenye Wamoravian wengi kuliko Tanzania.