Mke Alisema Treni Itoke Ndani: Historia ya Reli za Bustanini na Taa Iliyokuwa Inazima Stesheni

Basi bwana, miaka ya 1920 kule Beaconsfield, mji mdogo nje ya London, kulikuwa na mhasibu mmoja mwenye hela zake na ulevi mmoja tu: treni ndogo. Sio zile mtoto anavuta kwa kamba sebuleni. Hizi zina reli, vituo, vichwa na mabehewa, na zilikuwa zinakula nafasi ndani ya nyumba ya watu. Inasimuliwa mkewe alifika mwisho akampa mumewe machaguo mawili: ama treni itoke humu ndani, ama atoke yeye.

Jamaa hakuacha mke, na treni hakuacha pia. Alikuwa na eneo jirani na nyumba, akaihamishia huko. Mwaka 1929 pakafunguliwa, pakaitwa Bekonscot, jina lililounganishwa kutoka Beaconsfield na Ascot. Hadi leo pako wazi, na panahesabika kuwa kijiji cha mfano cha zamani kuliko vyote duniani ambacho bado kinaendelea.

Sasa hapa ndo stori ilipo. Ukisoma habari za mahali hapa utakuta sifa zinaenda kwa tajiri, na kidogo kwa mtunza bustani wake mkuu. Lakini kazi ilifanywa na watu wa nyumba ile: mpishi, mfanyakazi wa ndani, dereva. Asubuhi mtu anapika chai ya bosi, baadaye yuko kwenye majani anasaidia kujenga mji ambao paa zake zinamfika magotini. Kwenye simulizi nyingi hawa wanatajwa kwa kazi zao tu. Mwenye hobi alikuwa mmoja, lakini mikono iliyochafuka ilikuwa mingi.

Na wala hakikuwa kivutio cha watalii. Ilikuwa ni mchezo wa nyumbani, wa kufurahisha wageni na marafiki. Watu wakasikia, magazeti yakaandika, foleni ikaanza. Mwaka 1934 akapelekwa binti mmoja wa kifalme ambaye hajafikisha hata miaka kumi, baadaye akaja kuwa malkia wa Uingereza. Hela za wageni zilikuwa zinaenda kwenye misaada, na utaratibu huo umebaki.

Mwenye jicho kali akienda pale anagundua kitu: nyumba na treni havilingani. Nyumba zimejengwa kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, treni ni kama moja kwa thelathini na mbili. Yaani wakazi wa kijiji kile wakitaka kupanda treni yao hawaenei mlangoni. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Ila kuendesha treni ndogo nje ni vita. Ndani ya nyumba adui ni vumbi. Nje kuna mvua, majani yanadondoka kwenye reli, mizizi inanyanyua ardhi, jua linatanua chuma mchana na baridi inakibana usiku. Kuna na konokono. Konokono akitambaa juu ya reli akaacha ute wake, gurudumu linateleza au linakosa umeme. Reli za shaba ya njano zikikaa nje zinapata utando mweusi, na utando huo haupitishi umeme vizuri. Kwa hiyo kabla ya treni kutembea, lazima mtu ainame na kitambaa au msasa laini asugue. Nani alikuwa anainama kwenye majumba ya matajiri? Jibu mnalo.

Halafu kuna taa, na hili ndilo lililowatesa watu wa bustanini miaka mingi kuliko kitu kingine.

Mfumo wa zamani ulikuwa hivi. Umeme mkubwa wa nyumbani hautolewi nje, unaua. Transfoma inabaki ndani, inaushusha hadi volti chache, ishirini hivi, ndo unapelekwa kwenye reli mbili. Magurudumu yanaokota umeme kutoka kwenye reli, mota inazunguka. Ukitaka treni iongeze mwendo unaongeza volti, ukitaka ipunguze unapunguza. Rahisi. Tatizo ni kwamba taa za mabehewa zinakula umeme huo huo. Treni ikikimbia, taa zinawaka kama harusi. Ikianza kupunguza mwendo kukaribia kituo, taa zinafifia. Ikisimama stesheni, pale pale ambapo abiria wa plastiki wanatakiwa kuonekana wanapanda, giza totoro.

Na balbu zenyewe zilikuwa vipunje, nyingine ndogo kama punje ya ngano, lakini zinakula na zinachemka. Weka balbu nne kwenye kila behewa, funga mabehewa sita, transfoma inaanza kulia na kichwa cha treni kinakosa nguvu ya kupanda mlima. Watu wakaanza ujanja. Wengine wakaficha betri ndani ya behewa. Nyumba na taa za barabarani zikapewa waya zake pembeni zisiguse reli kabisa. Diodi zikasaidia taa ya mbele iwake treni ikienda mbele na ya nyuma iwake ikirudi. Baadaye ikaja kapasita, inayotunza chaji kidogo ili taa isipepese gurudumu likipita kwenye uchafu. Stesheni? Bado giza.

Turudi nyuma kidogo, twende Ujerumani. Kulikuwa na kampuni ya vichezeo vya bati, Lehmann, iliyoanzishwa Brandenburg mwaka 1881. Baada ya Vita Kuu ya Pili Brandenburg ikawa upande wa Warusi, familia ikapoteza kiwanda, ikaenda kuanza upya Nuremberg. Mwaka 1968 ndugu wawili wa familia ile wakatoa treni kubwa ya umeme iliyotengenezwa kwa ajili ya kukaa nje kwenye mvua. Ikaitwa LGB. Kabla ya hapo treni ya bustani ilikuwa ya mwenye nafasi na wafanyakazi. Hawa wakaiweka kwenye boksi dukani, mtu wa kawaida kule kwao akaweza kununua duara moja la reli na kulitandika kwenye majani.

Sasa wadau wa Bongo sikilizeni hesabu hii. Reli ya LGB ina upana wa milimita 45, na kipimo chao ni moja kwa 22.5. Zidisha: inakuja mita moja na kidogo. Hiyo ni Reli ya Kati yetu ya zamani kabisa, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914. Chukua reli ile ile ya milimita 45, weka juu yake treni ya kipimo cha moja kwa 32, kama zile za Bekonscot. Zidisha tena: 1,440. SGR ina milimita 1,435. Kipande kimoja cha reli bustanini kinabeba garimoshi la babu na treni ya umeme ya Dodoma, inategemea tu umeweka kichwa gani juu yake.

Kuhusu giza la stesheni, dawa ilikuja miaka ya 1990 kwa mfumo wa kidijitali. Hapo reli inapewa umeme kamili muda wote, na amri zinapita ndani ya umeme huo huo. Kila kichwa kina kifaa kidogo chenye namba yake: namba tatu simama, namba tano washa taa. Treni inasimama, taa inabaki. Miaka hiyo hiyo Wajapani wakafanikisha LED ya bluu, iliyofungua njia ya LED nyeupe, na wenyewe wakaja kupewa Nobeli mwaka 2014. LED inakula umeme kiduchu, haichemki, behewa zima linang'aa na transfoma haina habari. Wengine siku hizi hawataki hata umeme wa kwenye reli: betri ndani, rimoti mkononi, konokono apite anavyotaka.

LGB yenyewe haikuishia vizuri. Mwaka 2006 ilifilisika, mwaka uliofuata ikachukuliwa na Märklin, jirani mkongwe wa vichezeo. Bado zinatengenezwa.

Na Bekonscot? Kwa miaka walikuwa wanaisasisha, majengo ya zamani yanatolewa, ya kisasa yanaingia. Mwaka 1992 wakaamua kurudisha saa nyuma. Ya kisasa yakang'olewa, kijiji kikarudi miaka ya 1930, kama kilivyokuwa mpishi na dereva wa yule mhasibu walipokuwa wanapita kati ya mapaa yake.