Shada Moja la Mzeituni

Asubuhi, kengele ya darasani ikiwa bado haijalia, watoto wa shule za msingi za Bumbuli hukimbia mchakamchaka kwenye barabara za udongo mwekundu, kandokando ya mashamba ya chai. Mwenye mbio ataonekana tu na mwalimu, na msimu wa UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ukifika huenda akateuliwa. Huko wa kwanza hushangiliwa, wa pili ana nafasi yake, na wa tatu hakosi la kusimulia nyumbani. Wagiriki wa kale wangetushangaa.

Kwao, pale Olympia, mshindi alikuwa mmoja tu. Hesabu ya jadi inaanzia mwaka 776 KK, na jina la kwanza katika orodha ya washindi ni la Koroibos, mpishi wa Elis. Mwanzoni shindano lenyewe lilikuwa moja: kukimbia urefu wa uwanja, mita 192 hivi, basi. Mstari wa kuanzia ulijengwa kwa mawe, na mifereji ya kukazia vidole vya miguu inaonekana hadi leo. Aliyechomoka kabla ya ishara alichapwa. Aliyeshinda alivikwa shada la mzeituni mtakatifu, ambalo matawi yake, inasimuliwa, yalikatwa kwa mundu wa dhahabu na mtoto ambaye baba na mama yake wote wako hai. Wa pili hakupata kitu. Na tusidanganyike kwamba shada lilikuwa majani matupu: Athens ilimlisha bingwa wake wa Olympia bure maisha yake yote.

Marathoni haikuwemo. Ni Mfaransa, Michel Bréal, aliyeibuni kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Athens ya mwaka 1896, akiegemea hadithi ya mjumbe aliyekimbia kutoka vitani. Mbio ambazo wengi tunazidhani za kale kuliko zote ni za juzi tu.

Mbio hizo ndizo zilizompeleka John Stephen Akhwari wa Mbulu hadi Olimpiki ya jiji la Mexico, Oktoba 1968. Jiji lile liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, pumzi inakata. Njiani, wakimbiaji wakisukumana, Akhwari alianguka. Goti likaumia vibaya, bega likagonga lami. Waliohesabiwa kumaliza ni 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Giza lilikuwa limeingia na watazamaji wengi wameshaondoka Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bendeji, akamaliza kwa saa 3:25:27. Wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile aanze mbio, ilimtuma azimalize.

Jibu lile limemfanya maarufu kuliko washindi wengi, na hapo mimi nina kinyongo kidogo. Watu humsimulia kana kwamba alijua kuchechemea tu. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni, kwa saa 2:15:05.

Filbert Bayi wa Karatu angewaridhisha hata Wagiriki. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo, hakumsubiri mtu, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3:32.16 mbele ya John Walker, mwenyeji. Dunia ikasubiri wakutane tena katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana: Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo ile, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu. Moscow, 1980, Bayi alipata fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui fedha katika mita 5,000. Kwa sheria ya Olympia, wote wawili wangerudi mikono mitupu.

Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha ilikuja Tokyo, Septemba 2025, katika marathoni. Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, ikabidi picha ya kamera iamue: Simbu, kwa sehemu tatu za mia za sekunde.