Silingi ya gari la anko

Jumamosi notsi zilikaa pembeni. Nilikuwa Buswelu kwa anko, tunabandua silingi ya ndani ya teksi yake, maana kitambaa kilikuwa kinawalalia abiria vichwani. Na teksi hiyo ndiyo inayonilipia ada!

Kitambaa kinatoka fasta. Shughuli ni ile sponji iliyooza, vumbi tupu. Usipoimaliza kwa msasa, gundi mpya inashika vumbi badala ya ubao, kitaanguka tena. Ukisugua kwa hasira unatoboa. Mimi nilitoboa karibu na taa... anko akaniangalia tu, akaziba.

Sasa wale wa Historia: Volkswagen Beetle za enzi za Mwalimu hazikuwa na balaa hili. Silingi yake ilivutwa juu ya nyaya, haikutegemea sponji. Biashara ilianza kulegezwa 1984, ukaja mkataba na IMF 1986 chini ya Mzee Ruksa, na miaka iliyofuata magari mtumba ya Japani yakamiminika, sponji zake zikiwa zimeshazeeka. Mimi naona msasa wa anko umeanzia pale, ingawa mwenyewe anasema umeanzia kwenye jua la Mwanza.

Kitambaa tunabandika kesho asubuhi. Jumatatu abiria wanamsubiri.