Matokeo ya shule za msingi za mjini: asilimia ya ufaulu inakuambia nini?

Matokeo ya darasa la saba yakitangazwa, baadhi ya wazazi vijijini huwapigia simu ndugu walioko Dar es Salaam, Mwanza au Arusha: "Naomba mtoto aje akae kwenu, asome shule ya huko." Kabla hujamfungia mtoto begi, zielewe vizuri namba za shule hiyo.

Matokeo yanapatikana wapi?

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huyaweka kwenye tovuti yake, necta.go.tz. Kwa simu yako, chagua mwaka, mkoa, halmashauri, kisha shule. Utaona idadi ya watahiniwa, wastani wa shule na madaraja ya wasichana na wavulana, A hadi E. Masomo ni sita, kila moja alama 50, jumla 300. Mwenye alama 121 au zaidi, yaani wastani wa A, B au C, amefaulu.

Kwa nini asilimia peke yake haitoshi?

Tuchukue mfano. Shule binafsi ina watahiniwa 30, wote wamefaulu. Shule ya serikali, mtaa wa pili, ina watahiniwa 400, wamefaulu 320. Asilimia 100 kwa 80. Je, walimu wa shule ya kwanza ni bora zaidi? Huwezi kujua bado.

Ada tayari imewachuja wanafunzi wa shule binafsi, na mara nyingi kuna usaili pia. Shule ya serikali humpokea mtoto wa mwalimu, wa mama lishe, wa mlinzi wa usiku, na aliyehamia juzi kutoka kijijini. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, wanafunzi wameongezeka sana. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa, lakini shule nyingi za pembezoni mwa miji zimekipita, na baadhi husomesha kwa zamu, asubuhi na mchana.

NECTA yenyewe iliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, ilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022.

Uangalie nini basi?

• Matokeo ya miaka mitatu mfululizo. Mwaka mmoja unaweza kudanganya.

• Idadi ya watoto. Linganisha waliofanya mtihani wa darasa la nne na waliofika la saba miaka mitatu baadaye. Kama walikuwa 60 na sasa ni 40, uliza wale 20 wamekwenda wapi: wamehama, wamekariri darasa au wameacha shule?

• Wasichana na wavulana. Kama upande mmoja uko nyuma kila mwaka, muulize mwalimu mkuu sababu.

• Darasani. Mkondo mmoja una watoto wangapi? Wanasoma zamu gani?

• Nyumbani. Huko mjini nani atamsimamia mtoto? Atapata muda wa kusoma, au atakuwa wa kuchota maji, kulea wadogo na kuuza genge?

Kisha fungua matokeo ya shule ya kijijini kwako, uyapime kwa maswali hayo hayo. Huenda ukagundua kwamba shule iliyo jirani inafanya kazi nzuri kuliko ulivyodhani. Na kama sivyo, utakuwa na namba mkononi za kupeleka kwenye kikao cha wazazi.